Pua ya Seremala

Pale Keko, mwaka 1983, mtihani wa kwanza wa mwanagenzi haukuwa wa kushika randa. Ulikuwa wa pua. Fundi wangu, mzee wa Kizaramo mwenye karakana ya mabati mkabala na uchochoro wa wauza chai, alinifunga kitambaa machoni akanipitishia vipande vya mbao kimoja kimoja. Mninga nikaupata. Mtiki, wenye harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta, nikaupata. Mvule nikaukosa. Cha mwisho kilikuwa kipande cha mkulo wa Usambara. Mti ule ukiupasua tu, karakana nzima inajaa harufu ya kafuri, ile karafuu maiti tunayowapaka wafu wetu baada ya kuwaosha. Kwa woga wa mtihani nikasita, nikadhani ni mtego. Mzee akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda.

"We kijana! Mkulo hata maiti anaujua!"

Miaka yote iliyofuata nilijivunia pua ile. Mteja angekuja na kitanda cha "mninga" alichouziwa Buguruni, nikakwangua kidogo kwa ukucha, nikanusa, nikamwambia pole. Harufu ya mbao ilikuwa kwenye shati, kwenye nywele, kwenye mto wa kulalia. Mama mkwe alisema tangu mlangoni anajua kwamba mtoto wake hajaolewa na mlevi.

Vumbi hatukulihesabu. Tulikula muhogo wa kuchoma hapo hapo penye msasa, na unga wa mbao ukawa kama kachumbari. Mvule ulituwasha mikono na kutupigisha chafya, tukasema una kisirani chake. Siku za kupiga vanishi, kichwa kikianza kuzunguka kwa thina, mzee alimtuma mtoto dukani kununua maziwa. Kila fundi Dar es Salaam anajua kwamba maziwa yanasafisha kifua. Nilikunywa maziwa hayo miaka kumi na saba kabla sijajiuliza yanapitia njia gani kutoka tumboni hadi kwenye mapafu.

Niliingia Birmingham Januari 2001, nikiwa na miaka thelathini na sita na koti la kuazima. Mwenyeji wangu, Mkongomani wa Bukavu, alinipokea akanipeleka Castle Vale, kaskazini mashariki mwa jiji. Kwenye kipilefti cha barabara ya Chester nilikuta ndege tatu za chuma zimetawanyika angani kama njiwa walioshtuliwa. Ilikuwa sanamu ya Tim Tolkien, iliyozinduliwa Novemba iliyotangulia. Kiwanda cha jirani kiliunda zaidi ya Spitfire 11,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili, na siku hizo kilikuwa kinaunda magari ya Jaguar. Castle Vale yenyewe ilikuwa uwanja wa ndege hizo. Miaka ya 1960 walipanda hapo maghorofa marefu 34, na mitaa wakaipa majina ya viwanja vya ndege vya kijeshi: Farnborough, Tangmere na wenzake.

Nilipofika, maghorofa yenyewe yalikuwa yanaangushwa. Mtaa ulikuwa umechakaa, na watu wake walikuwa wakifa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani wa kuishi pale ulikuwa karibu miaka 68, chini sana ya sehemu nyingine za Uingereza. Mwaka 1993 serikali ikaunda chombo cha kuufufua mtaa, Housing Action Trust, na kazi yake kubwa ikawa kubomoa na kujenga upya. Kati ya maghorofa 34 walibakiza mawili tu, Chivenor House na Topcliffe House. Nilisimama mara nyingi nikitazama mashine ikiling'ata jengo chumba kwa chumba, karatasi za ukutani za watu zikiwa wazi kwenye baridi. Kilichonishangaza zaidi ni maji. Muda wote kulikuwa na mtu ameshika mpira mnene, kazi yake kulowesha kifusi ili vumbi lisiwafikie wapita njia. Nikawaza, Wazungu bwana, hata vumbi lina mhudumu.

Kisha nikaenda zangu kazini, kwenye vumbi lisilo na mhudumu.

Wabongo wa ughaibuni wanaita kazi zetu kupiga boksi. Mimi nilijiona nimebahatika, maana boksi langu lilikuwa la mbao. Kilikuwa kiwanda kidogo cha kabati za jikoni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka nilipopanga. Jina lake sitalitaja, na hata hivyo hakipo tena. Niliingia kwa ejensi. Karatasi nilizosaini bila kuzisoma zilisema mimi si mwajiriwa wa mtu yeyote, nimejiajiri. Nililipenda neno lile, likanikumbusha Keko.

Mbao zenyewe zilinivunja moyo. Tuliletewa MDF, vibao laini vya rangi ya uji wa ulezi, visivyo na mshipa wala kifundo. Ukivinusa huoni msitu. Unaona duka la dawa. Hizo ni nyuzi za mti zilizosagwa zikashikamanishwa kwa gundi ya yurea na fomaldehaidi, na gundi hiyo Waingereza wana historia nayo ndefu. Upande wa pili wa Birmingham, mjini Oldbury, kampuni ya British Industrial Plastics iliitengeneza na kuiuza kwa jina la Beetle miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. MDF ukiipitisha kwenye msumeno haitoi maranda. Inatoa ungaunga kama poda ya mtoto, unaoelea hewani na kukataa kutua. Ukutani kulikuwa na mabomba ya kunyonya vumbi. Sheria inataka mitambo ile ikaguliwe angalau kila baada ya miezi kumi na minne, na wetu ulikuwa na kibandiko cha tarehe ambacho gundi yake ilishaanza kugeuka njano.

Siku ya kwanza, kwenye benchi la msasa, nilimkuta mzee wa Kisingasinga, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Alinitazama sana.

"Wewe natoka wapi? Mombasa?"

Nilishtuka kusikia Kiswahili. "Dar es Salaam. Shikamoo, mzee."

Akanyamaza kidogo kabla ya kuitikia. "Marahaba. Miaka ngapi sikusikia hii neno."

Alikuwa Kalasinga wa Kisumu, kama wanavyoitwa Kenya. Babu yake alitoka Punjab kama seremala wa reli ya Uganda, na ukoo wao wa Ramgarhia ni wa mafundi tangu enzi, mbao na chuma. Yeye aliingia karakana ya baba yake akiwa na miaka kumi na minne. Februari 1968, Uingereza ilipokuwa mbioni kuwafungia mlango Wahindi wa Afrika Mashariki, akapanda ndege. Tangu hapo alikuwa amefanya kazi kwenye karakana nyingi za Birmingham kuliko alivyoweza kuzitaja. Mapumziko ya chai tulikaa pamoja tukizungumza mvule. Pale kiwandani pote, ni sisi wawili tu tuliowahi kuukata.

Huyu mzee alivaa barakoa. Ilikuwa ya karatasi, nyeupe, ya kununua mwenyewe, ameifunga juu ya ndevu zake ikakaa kama kofia ya mtoto kwenye kichaka. Sisi wengine tulimcheka. Kijana mmoja wa pale pale Birmingham alimpa jina la Daktari, na kila asubuhi tulimuuliza operesheni ni saa ngapi. Mimi nilicheka kwa Kiswahili, jambo ambalo nadhani lilimuuma zaidi.

"Hii vumbi mbaya, kijana," aliniambia mara nyingi. "Funika pua."

Nikamjibu, "Mzee, pua yangu ndiyo kazi yangu. Nikiifunika nitajuaje mbao?"

Nilijiona nimesema neno kubwa. Mbele yetu kulikuwa na MDF.

Baada ya miezi sita, msimamizi aliona mkono wangu haujui kutetemeka akanipandisha chumba cha rangi. Hapo mshahara ulipanda pauni moja na nusu kwa saa. Tulipuliza rangi ya makopo mawili, moja rangi, jingine kigumushi, ukivichanganya vinakauka kama kioo. Ndani ya kile kigumushi mna isosianeti, kemikali iliyo miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini Uingereza. Kwa kazi hiyo nilipewa kofia yenye kioo na mpira wa hewa safi, kwa hiyo siwezi kusema sikupewa kitu. Ila ukungu wa rangi ile una ujanja. Unapoacha kupuliza, macho yanakuambia hewa imetakata, kumbe chembe bado zinaelea, na unapaswa kungoja dakika kadhaa feni iziondoe. Mimi nilikuwa namaliza mlango, nazima bomba, nafunua kioo hapo hapo na kuinama karibu. Nilitaka kuona kazi yangu ilivyong'aa. Hakuna fundi asiyetaka. Nilifunua hivyo labda mara thelathini kwa siku, miaka sita.

Jioni tulijipuliza nguo kwa upepo wa kompresa. Hiyo nayo imekatazwa, maana inaliamsha vumbi lote lililokuwa limelala. Tuliipenda kama watoto wanavyopenda mvua, tunageuzana, huku mgongoni, huku kichwani. Mzee wa Kisumu alisubiri nje mpaka tumalize.

Kikohozi kilianza mwaka 2002, usiku. Halafu pua ikaziba. Daktari wa mtaa, mtu mpole, aliniuliza kama ninavuta sigara, kama nina paka, kama kwetu kuna kifua kikuu. Akanipa dawa ya kupuliza puani ya mzio wa chavua. Nilirudi kwake Januari, miti yote ya Birmingham ikiwa uchi kama mifagio iliyogeuzwa, nikaongezewa dawa ile ile. Hakuniuliza ninafanya kazi gani, nami sikumwambia, kwa sababu niliona aibu kulalamikia kazi iliyokuwa inalipa ada za wadogo zangu wawili. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Kiitalia, aliwashauri madaktari kuuliza swali hilo moja tangu mwaka 1700.

Desemba 2003 nilikwenda Dar wiki tatu. Siku ya nne kifua kikafunguka. Nililala usiku mzima, nikapanda ngazi za Kariakoo mbio. Nikamwambia kila mtu ni hewa ya bahari. Hata nilipotua tena Birmingham, na kikohozi kikarudi Jumanne ya wiki ya kwanza ya kazi, niliilaumu baridi.

Aliyenifumbua macho alikuwa muuguzi wa zamu, mama wa Jamaika, mwaka 2007, niliposhindwa kumaliza sentensi mbele yake. "Unafanya kazi gani, mpenzi?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Nikapelekwa hospitali ya Heartlands, kwenye kitengo cha magonjwa ya mapafu yatokanayo na kazi, kitengo kilichojengewa jina na Dakta Sherwood Burge, ambacho watafiti wa pumu ya kazini wanakijua dunia nzima. Wakanipa kibomba cha kupulizia na daftari. Nipulize kila baada ya saa mbili, siku za kazi na za mapumziko, niandike namba. Wiki nne. Mchoro uliotoka kwenye kompyuta hata mtoto angeusoma: Jumatatu mpaka Ijumaa mstari unashuka ngazi kwa ngazi, Jumamosi na Jumapili unapanda, Jumatatu unaporomoka tena. Pale ndipo nilipoiona hewa yangu ya bahari.

Kinachonikera mpaka leo ni umbali. Hospitali ile iko kilomita chache tu kutoka benchi langu. Nilikuwa naishi mlangoni pa watu wanaoujua ugonjwa wangu kwa jina, na miaka mitano nikatumia dawa ya maua.

Huwa nasoma sana siku hizi, kwa kuwa kupanda ngazi siwezi. Nimesoma kuhusu High Wycombe, mji wa watengeneza viti kati ya Birmingham na London. Miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo, Esmé Hadfield, aligundua kwamba saratani ya nadra ndani ya pua ilikuwa inawaangukia maseremala wa mji ule kuliko watu wengine. Yeye na Donald Acheson wakachapisha utafiti wao mwaka 1968, na mwaka uliofuata Uingereza ikaiweka saratani hiyo kwenye orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipwa fidia. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likalitangaza vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, na mwaka 2004 fomaldehaidi nayo ikaongezwa. Kwa hiyo siku ile namcheka mzee kwa Kiswahili, jambo lenyewe lilikuwa na zaidi ya miaka thelathini vitabuni. Kipimo halali cha vumbi la mbao ngumu sasa ni miligramu 3 katika mita moja ya ujazo wa hewa, punje chache tu za sukari. Enzi zetu kilikuwa 5. Sisi tulikuwa tunaandika majina yetu kwa kidole juu ya mashine.

Na dirishani kwangu nilikuwa naiona Fort Dunlop, kiwanda cha zamani cha matairi, wakati ule gofu tupu, sasa ofisi na hoteli. Matairi nayo yalikuwa na siri yake. Kwenye mpira zilitiwa dawa zenye beta-naftilamini, iliyowapa wafanyakazi saratani ya kibofu. Dawa hiyo iliondolewa sokoni mwaka 1949. Wafanyakazi wawili wa Dunlop waliishtaki kampuni yao pamoja na ICI iliyotengeneza dawa, na mahakama ya rufaa ikawapa haki yao mwaka 1972. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Ugonjwa wa kazini hauna haraka, na karatasi zake zina haraka ndogo kuliko huo.

Nilipoulizia fidia yangu mwenyewe, nikakumbushwa lile neno zuri nililosaini. Aliyejiajiri hayumo.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2008 na uchumi ulipoanguka. Mzee alikuwa ameshastaafu. Nilimtembelea mara mbili, nikaona pua yake imeziba upande mmoja na leso yake ina damu kidogo, akasema ni baridi. Alifariki mwaka 2011. Kwenye gurdwara, hekalu la Masingasinga, mwanawe alinivuta kando akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama baba yake alikuwa anavuta sigara kwa siri. Nikamwambia hata moshi wa chai alikuwa anaukimbia.

Baadaye sana, kwenye kozi ya usalama kazini niliyolipiwa na kituo cha ajira, mkufunzi alitueleza jinsi barakoa inavyopimwa usoni. Inapaswa kushika kwenye ngozi. Ikikaa juu ya ndevu, hewa inapita pembeni na vumbi nalo linapita. Mwenye ndevu anahitaji kofia nzima yenye feni ya betri, na kofia hiyo inauzwa mamia ya pauni. Niliandika maneno yale kwenye daftari kisha nikatoka nje. Yule mmoja aliyejua alikuwa anajifunika bure, na sisi wenye mashavu matupu ambao ingetushika sawasawa ndio tuliokuwa tunauliza operesheni ni saa ngapi.

Castle Vale ya leo ungeipenda. Kuna bustani, nyumba za chini zenye milango ya rangi, na umri wa kuishi ulipanda kwa miaka kadhaa kabla ile Housing Action Trust haijamaliza kazi yake mwaka 2005. Ndege za chuma bado zinapaa. Pale kilipokuwa kiwanda chetu ni ghala la vifurushi, safi, halina harufu yoyote. Au labda linayo. Mimi si mtu wa kuulizwa tena. Nilijua pua imekufa siku pilau ilipoungua jikoni nami nimekaa pale pale nasoma gazeti, mpaka mke wangu akateremka mbio: "Baba watoto, huisikii?"

Mwaka jana nilikwenda Keko. Karakana ya mzee sasa ni ya mpwa wangu. Tanzania ina sheria ya usalama na afya kazini tangu 2003, na mwaka 2004 Dakta Larama Rongo wa Muhimbili na wenzake walichapisha vipimo vya vumbi katika karakana ndogo za Dar es Salaam, kwa hiyo kule nako vitabuni limo. Uchochoroni nilikuta MDF imeegemezwa ukutani, kijana anapiga spreyi shati likiwa wazi kifuani, na paketi ya maziwa juu ya kompresa. Nilikuwa nimebeba barakoa hamsini kwenye begi. Wakashukuru sana, wakavaa, tukapiga picha.

Ndani mpwa wangu alikuwa anakarabati kasha la zamani la familia moja ya Lushoto. Alikuwa amebandua kibao cha chini, ametoka kukipasua kwa msumeno sasa hivi. Vijana wote walikuwa wamesogea, wamefumba macho, wanavuta pumzi na kutabasamu.

"Mjomba," akasema, akinisogezea kipande puani, "wewe ndiye mwenye pua. Hii mbao gani?"

Nikavuta pumzi. Nikakigeuza, nikatazama mishipa yake, nikapima uzito kiganjani.

"Imekauka vizuri," nikasema.

Wakaangua kicheko wakidhani nafanya mzaha, na mpwa wangu akanipiga begani. "Mjomba bwana! Mkulo hata maiti anaujua!"